"Sistimu iko chini" si jibu: dai namba ya tiketi

Katika ofisi za serikali za Pwani kuna maneno ambayo kila mtu ameshayazoea: "Sistimu iko chini, rudi kesho." Utayasikia Lamu, utayasikia Malindi, na ukifika Lunga Lunga utayakuta yamekutangulia. Anayeyasema hasemi ni sistimu gani, imeanguka saa ngapi, nani ameambiwa, wala itarudi lini. Anayeambiwa huwa ameshalipa nauli, ameacha kibarua cha siku hiyo, na pengine ana mtoto mgongoni. Hurudi nyumbani bila huduma na bila karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba alifika.

Mimi ni mzaliwa wa Majengo, Mombasa, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikifanya kazi upande wa pili wa maneno hayo. Niko katika idara ya teknolojia ya shirika moja la serikali jijini Nairobi, na kazi yangu ni kuusimamia mfumo unaopokea, unaogawa na unaofuatilia hitilafu za mifumo mingine yote. Shirika lenyewe sitalitaja, kwa sababu ninayoyaeleza hapa si ya shirika moja. Kila nikirudi nyumbani kwa likizo, ndugu na majirani huniuliza: "Hivi nyinyi huko Nairobi mwafanya nini sistimu ikianguka?" Swali ni la haki, na anayeuliza ndiye anayetulipa mishahara. Makala haya ni jibu langu, pamoja na ushauri mmoja ambao naamini ukifuatwa na watu wengi utabadilisha mambo.

Kazi hii ni nini hasa

Wengi hudhani mtu wa kompyuta serikalini kazi yake ni kuzima na kuwasha mashine, kubadilisha wino wa printa na kufungua nenosiri lililosahauliwa. Hayo yapo. Lakini usimamizi wa huduma za teknolojia ni utaratibu mpana zaidi. Ni kupanga mapema nani apokee malalamiko, nani ayashughulikie, kwa muda gani, nani ajulishwe, na baada ya huduma kurudi, tujifunze nini ili lisitokee tena.

Utaratibu huu haukuanzia kwenye kampuni za kitajiri. Ulizaliwa serikalini. Katika miaka ya 1980 serikali ya Uingereza iliona kwamba inatumia fedha nyingi kwenye kompyuta, huku kila idara ikijiendea kivyake. Wakala wake wa kompyuta na mawasiliano ukaandika vitabu vya mwongozo, na mwongozo huo ndio unaoitwa ITIL mpaka leo. Mwaka 2005 ukaja kiwango cha kimataifa cha kazi hii, ISO/IEC 20000. Nasema haya kwa sababu nimesikia wakubwa wakisema mambo haya ni ya mabenki, sisi serikalini hatuyawezi. Yalitengenezwa kwa ajili ya ofisi kama zetu.

Moyo wa utaratibu wote ni daftari. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mwenye duka la Mwembe Tayari hahitaji kufundishwa hilo. Kwetu sisi kila ukurasa wa daftari huitwa tiketi. Tiketi ina namba yake, saa iliyofunguliwa, jina la aliyelalamika, ofisi aliyopo, kilichoharibika, fundi aliyepewa na saa kazi ilipokwisha. Kisicho na tiketi, kwa macho ya shirika, hakikutokea.

Madaftari manne

Ofisi inayofanya kazi hii vizuri huwa na madaftari manne, hata kama yote yamo ndani ya programu moja.

La kwanza ni la hitilafu. Kitu kimesimama, kirudi haraka iwezekanavyo. Mvua ikivuja kwenye makuti usiku, kwanza waweka ndoo chini ili kitanda kisilowe. Hiyo ndiyo hitilafu kushughulikiwa.

La pili ni la chanzo. Asubuhi lazima mtu apande juu aangalie makuti yameoza wapi. Ofisi nyingi huishia kwenye ndoo. Seva ikisimama kila Jumatatu, kila Jumatatu inawashwa upya, na fundi anasifiwa kwa wepesi wake. Hakuna anayeuliza kwa nini Jumatatu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa serikali hujengwa kwa zabuni.

La tatu ni la mabadiliko. Sehemu kubwa ya mifumo inayoanguka huangushwa na sisi wenyewe, kwa kubadilisha kitu bila kukijaribu. Mfano unaojulikana na dunia nzima ni wa tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike iliposambaza sasisho moja lenye kasoro na kompyuta zipatazo milioni 8.5 zenye Windows zikaganda. Ndege zilibaki chini, na hospitali na mabenki yakasimama, bila mshambulizi yeyote. Ndiyo maana kila badiliko linatakiwa liandikwe, lijaribiwe kwanza pembeni, lipangiwe saa ambayo watu hawana shughuli, na liwe na njia ya kurudi nyuma. Mtu anayejua kazi yake hagusi mfumo wa kodi wiki ya mwisho ya Juni, wakati Wakenya wote wanakimbizana na tarehe 30.

La nne ni la mali: una mashine gani, programu gani, leseni gani, cheti gani, na kila kimoja kinaisha lini. Katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, tovuti ya huduma ilifungika siku nzima kwa sababu cheti chake cha usalama kilikuwa kimemaliza muda. Ukumbusho ulikuwa umetumwa, tena zaidi ya mara moja. Ulikwenda kwenye barua pepe ya afisa aliyekuwa amehamishwa wizara nyingine. Hakukuwa na mdukuzi wala hitilafu ya umeme. Hapakuwa na daftari, basi. Wananchi waliokuwa kwenye foleni waliambiwa sistimu iko chini.

Kutoka katikati ya mji hadi Waiyaki Way

Msomaji wa Pwani anaposikia "Nairobi" katika mambo haya, ni vyema ajue ni sehemu gani. Eneo lenyewe si kubwa. Katikati ya mji, kwenye Kenyatta Avenue, liko jengo la Telposta ambamo mna Mamlaka ya TEHAMA, na hapo hapo GPO kuna kituo cha kwanza cha Huduma kilichofunguliwa Novemba 2013. Hatua chache kutoka hapo ni Nyayo House, kwenye pasipoti. Ukishuka mpaka Haile Selassie Avenue uko Times Tower, makao ya Mamlaka ya Mapato, ambako iTax na mfumo wa forodha hutolewa amri. Ukielekea magharibi, Westlands, kwenye Waiyaki Way, uko kwa Mamlaka ya Mawasiliano, yenye kituo cha taifa kinachofuatilia mashambulizi ya mitandaoni. Mtu mwenye miguu mizuri anaweza kuipita milango hiyo yote asubuhi moja, na nyuma ya milango hiyo kuna mambo mengi yanayoweza kumkwamisha mtu wa Mpeketoni.

Ofisi yetu kuu iko katikati ya mji, na tuna chumba cha pili cha seva upande wa magharibi, ili moja ikianguka nyingine ishike. Kati yao kuna nyaya mbili za mtandao, kila moja ya kampuni yake. Kwenye karatasi tulikuwa salama kabisa. Halafu siku moja trekta la wachimba barabara likapita, na nyaya zote mbili zikakatika kwa dakika moja. Ikabainika kwamba kampuni zote mbili zilikuwa zimepitisha nyaya kwenye mtaro mmoja. Baharia ataelewa: nanga mbili kwenye mnyororo mmoja ni nanga moja. Tangu hapo, katika daftari letu la mali, safu ya "mtoa huduma" imeongezewa safu ya "inapita wapi".

Na kazi hii ina watu. Wengi wa mafundi wa zamu hawakai Lavington. Wanakaa Kangemi na Kawangware, ambako nyumba ni nafuu, na simu ikilia saa nane za usiku huwabidi wafanye kazi kwa kompyuta ya mapajani kwenye chumba kimoja huku watoto wamelala. Bando la intaneti mara nyingi ni la mfuko wao. Ukisikia mfumo umerudi asubuhi, kuna mtu hakulala.

Julai 2023, mlango mmoja ulipozibwa

Tarehe 30 Juni 2023 Rais William Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 za serikali kwenye eCitizen. Jukwaa lenyewe lilikuwepo tangu 2014, lakini sasa karibu kila kitu kilielekezwa hapo, na malipo kwa namba moja, 222222. Kabla mwezi haujaisha, eCitizen ikashambuliwa. Tarehe 27 Julai aliyekuwa Waziri wa TEHAMA wakati huo, Eliud Owalo, alikiri shambulizi hilo na kusema hakuna data iliyopotea. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilijitangaza kuwa ndilo lililofanya. Mwaka uliofuata, Oktoba 2024, Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan kwa kuliendesha kundi hilo.

Shambulizi la namna hiyo halifanani na wizi. Fikiria kivuko cha Likoni asubuhi. Watu maelfu wasio na safari yoyote wamiminike kwenye njia ya kushukia feri. Hawaibi, hawavunji kitu, wamesimama tu. Wewe mwenye mgonjwa wa kupeleka Makadara hupiti. Ndivyo seva inavyozibwa: inatumiwa maombi ya uongo mengi kwa wakati mmoja mpaka ombi lako la kweli halifiki dirishani.

Pasipoti, viza, leseni za udereva, hata tiketi za treni ziliathirika. Serikali ilitangaza kwamba wageni waliostahili viza ya mtandaoni watapewa wakifika. Hapo pana somo zuri la kazi yetu: kwa wageni ilipatikana njia ya pili. Huduma ilikuwa viza, na tovuti ilikuwa mojawapo tu ya njia za kuitoa. Swali ambalo kila shirika lilitakiwa kujiuliza baada ya wiki hiyo ni hili: kwa kila huduma kati ya zile 5,000, njia ya pili ni ipi? Kijana wa Kilifi anayesubiri cheti cha tabia njema ili apate kazi Qatar, mlango ukizibwa, apite wapi? Jibu linatakiwa liwe limeandikwa na kubandikwa ukutani kabla ya siku yenyewe.

Mwaka uliofuata tulikumbushwa tena kwa njia nyingine. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikawa ya kobe Afrika Mashariki yote. Ajabu ni kwamba nyaya hizi za bahari hufika nchi kavu kwetu. Wa TEAMS ulitua Mombasa mwaka 2009, na wa SEACOM mwaka huo huo. Intaneti ya taifa zima inapita chini ya miguu yetu, lakini karani wa Mombasa akikwama lazima angoje mtu wa Nairobi.

Kwa nini shida za Pwani hazionekani

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize kwa makini.

Karani wa ofisi ya Pwani mfumo ukimgomea, mara nyingi hafungui tiketi. Anampigia rafiki yake aliyeko Nairobi, au anatuma picha ya skrini kwenye kundi la WhatsApp. Rafiki anarekebisha, wanashukuriana, na maisha yanaendelea. Ni ubinadamu, na mimi mwenyewe napokea simu kama hizo. Lakini daftarini hakuna kitu. Mwisho wa mwezi ripoti inapelekwa kwa wakubwa. Tuseme inaonyesha tiketi 140 za Nairobi na tatu za Pwani. Mkubwa anasoma nini hapo? Kwamba Pwani mambo ni shwari. Pesa za mtandao wa pili, za jenereta, za fundi mkazi, zinapelekwa kwenye kelele. Sisi tulioteseka kwa uungwana tunaandikiwa kwamba hatukuteseka.

Jambo la pili ni saa. Mkataba na mzabuni kwa kawaida husema hitilafu kubwa irekebishwe ndani ya saa kadhaa, la sivyo anakatwa fedha. Saa hizo huanza kuhesabiwa tiketi inapofunguliwa. Ikifunguliwa Alhamisi kwa hitilafu ya Jumatatu, siku tatu za mateso zimekuwa zawadi ya mzabuni.

Jambo la tatu ni hesabu. Shirika likikwambia mfumo wake ulikuwa hai kwa asilimia 99, usipige makofi upesi. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Asilimia moja ni saa 7 na dakika 12. Kama saa hizo zote zimeangukia Jumatatu mchana, hiyo ni siku nzima ya kazi imekwenda, huku usiku ambao ofisi zimefungwa ukihesabiwa kuwa huduma safi. Tena uliza kipimo kiko wapi. Kama kinapima seva ya Nairobi peke yake, basi dirisha la Kwale linaweza kuwa limekufa wiki nzima kwa waya uliokatika, na ripoti ikasema tuko hai.

Jambo la nne ni nani atangulie. Kanuni ni rahisi: unatazama wameathirika watu wangapi, na kungoja kutaleta madhara gani. Mashine moja ya kuchukua alama za vidole katika mji wa kaunti ikiharibika, watu wa kaunti nzima wamekwama. Hiyo inatakiwa iitangulie kompyuta ya mkubwa mmoja ambayo haifungui barua pepe. Kwa vitendo, mkubwa yuko ghorofa ya juu na anaweza kushuka, na mtu wa kaunti yuko kilomita 500. Mfumo wa tiketi unaosimamiwa kwa haki ndio kinga yetu dhidi ya hilo, kwa sababu unaacha alama: nani alitangulizwa, na kwa amri ya nani.

Bandarini hasara hii ina bei. Wakala wa forodha wa Mombasa hufanya kazi kupitia mfumo wa forodha wa Mamlaka ya Mapato na dirisha moja la KenTrade. Mfumo ukisimama, kontena halisimami kulipiwa. Siku za bure zikiisha, ada ya hifadhi inaanza, na kampuni ya meli nayo inadai siku za kontena lake. Tangu enzi za mfumo wa Simba mawakala wamelalamikia hili. Anayetaka kusamehewa ada lazima athibitishe kwamba mfumo ulikuwa chini siku ile na saa ile. Athibitishe kwa nini, kama hakuna namba? Mwenye tiketi tano za wiki moja ana hoja mezani. Mwenye maneno matupu huambiwa alete barua.

Na nionye jambo moja. Tiketi kufunguliwa peke yake haitoshi. Kuna ofisi zinazopimwa kwa wingi wa tiketi zilizofungwa, basi zinafungwa hata kama shida ipo. Nimeona tiketi imeandikwa "imetatuliwa" na aliyelalamika bado yuko kwenye foleni. Ofisi ya kweli haifungi tiketi mpaka aliyeifungua akubali.

Mfumo ni wa nani?

Kuna mahali ambapo hata fundi hodari hana la kufanya: mfumo unapokuwa si wa shirika. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu iliyotangazwa Machi 2025 ilieleza kwamba mfumo wa teknolojia wa afya unaotumiwa na SHA, wa shilingi bilioni 104.8, haumilikiwi wala hautawaliwi na serikali. SHA ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF tangu tarehe 1 Oktoba 2024. Mgonjwa akikwama kwenye dirisha la hospitali, anayeulizwa ni serikali. Mwenye funguo ni mwingine.

Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwetu kazini, mfumo wa mzabuni ukianguka, nafungua tiketi kwangu, naye afungue kwake, kisha tunaanza kuandikiana. Yeye anasema ni mtandao, wa mtandao anasema ni seva, mwenye seva anasema ni umeme. Dawa yake haiko kwenye kompyuta. Iko kwenye mkataba: serikali imiliki data yake, iwe na nakala za akiba mikononi mwake, ione daftari la hitilafu la mzabuni, na iwe na haki ya kuondoka. Mkataba usio na hayo, fundi wa zamu atabaki kuwa mpokea simu.

Ukiambiwa sistimu iko chini

Sasa ule ushauri niliouahidi. Mambo haya hayahitaji elimu ya kompyuta.

Kwanza, uliza kwa upole: "Naomba namba ya tiketi." Karani akisema hajafungua, mwambie utasubiri afungue. Hutamwonea. Unamsaidia, kwa kuwa yeye ndiye anayetukanwa kila siku kwa kosa lisilo lake, na tiketi ndiyo itakayomtetea.

Pili, andika mwenyewe tarehe, saa, jina la ofisi na maneno yaliyotokea kwenye skrini, au yapige picha kama ni simu yako. "Imegoma" haimsaidii fundi. Maneno ya kosa yenyewe humwonyesha pa kuanzia.

Tatu, ukiwa umelipa na mfumo haukuonyesha, usilipe mara ya pili. Tunza ujumbe wa M-Pesa wenye namba ya muamala na uidai huduma kwa namba hiyo.

Nne, tazama ukutani. Ofisi za umma zinatakiwa kuwa na mkataba wa huduma kwa wananchi unaosema kila huduma ni siku ngapi na shilingi ngapi. Muda ukipita, una haki ya kuuliza kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya utendaji wa haraka na wa haki.

Tano, ukipuuzwa, nenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, maarufu kama Ombudsman. Makao yake yako West End Towers, Waiyaki Way, lakini si lazima upande basi la Nairobi. Malalamiko hupokewa kwa maandishi bila malipo.

Sita, na hili ni la vikundi: mawakala, vyama vya wavuvi, kina mama wa chama, misikiti, makanisa, vijana wa mtaa. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuiandikia ofisi ya umma na kuomba habari ilizonazo, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, nayo ina siku 21 za kujibu. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Ombeni orodha ya hitilafu zote zilizoripotiwa kutoka ofisi za kaunti yenu kwa mwaka mmoja, zimechukua muda gani kurekebishwa, na mzabuni alikatwa kiasi gani. Daftari hilo lipo, au linapaswa kuwepo. Wakijibu kwamba hakuna hitilafu hata moja iliyoripotiwa, mtakuwa mmejua pa kuanzia.

Najua kuna watakaosema haya ni mambo madogo, Pwani ina dhuluma kubwa zaidi za ardhi na ajira. Ni kweli zipo. Lakini hati ya ardhi, kitambulisho, pasipoti ya kijana anayetaka kwenda Ghuba, bima ya mgonjwa na kontena la mfanyabiashara sasa vyote vinapita kwenye mashine hizi. Haki ya mtu siku hizi inaweza kunyimwa bila mtu yeyote kumnyima, kwa skrini kuzunguka tu mpaka saa kumi na moja jioni. Huwezi kuishtaki skrini, lakini ofisi iliyoandikiwa na haikujibu unaweza kuiuliza.

Sisi tulioko ndani tunawahitaji nyinyi mlioko nje. Nimekaa kwenye vikao vya bajeti ambapo neno "Pwani" halikutajwa, wala si kwa chuki. Hapakuwa na namba ya kulitaja. Wiki ijayo mtu mmoja Mtwapa, mwingine Voi, mwingine Hola wakidai tiketi, kutakuwa na namba tatu. Mwezi ukiisha zitakuwa nyingi, na mkubwa akifungua ripoti atatukuta humo.